Gallery Furniture ya Houston, na mwenye duka anayekaa mlangoni

Waswahili wanaohamia Houston huniuliza wanunue wapi godoro na vitanda vya watoto. Mimi nawaelekeza Gallery Furniture, lile duka la upande wa kaskazini kando ya barabara kuu ya I-45, na nawaambia wamsalimie mwenye duka kwanza. Mara nyingi humkuta karibu na mlango, anapokea simu za wateja mwenyewe. Anaitwa Jim McIngvale, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1951, lakini mji mzima unamjua kama Mattress Mack, kwa sababu ya matangazo ya televisheni aliyoyafanya akiwa amevaa godoro. Alifungua duka hili yeye na mkewe Linda mwaka 1981, wakiwa na dola 5,000.

Nimekulia Tanga kwenye nyumba yenye kabati la mninga, kwa hiyo huangalia maungio kabla sijauliza bei. Nilivuta droo hadi mwisho, nikapindua kiti cha meza ya chakula miguu juu. Vimekaza, mbao ni mbao kweli. Nikachukua meza, viti na kitanda cha sita kwa sita pamoja na godoro lake. Nililipa mchana, na jioni ile ile vijana wakaleta, wakafunga kitanda chumbani. Bei si ya kutupa. Anayeanza maisha na mfuko mwepesi atapata nafuu kwenye mitumba, ila kwa godoro sishauri mtumba hata kidogo. Watoto wangu walishughulika na ndege na kima waliomo dukani, nami nikapata nafasi ya kulala juu ya godoro moja baada ya jingine bila kuvutwa nguo.

Lakini heshima yangu kwa duka hili ilianza kabla sijanunua chochote. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston, Mack alifungua milango ya maduka yake na malori yake yakaenda kuwatoa watu majini. Mamia walilala pale, juu ya makochi na magodoro ya kuuzwa. Jirani yetu mmoja kutoka Bukavu alikuwemo na wanawe. Anasema walipewa chakula na hakuna aliyewauliza karatasi. Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme Texas, milango ikafunguliwa tena.

Mtu wa namna hiyo akisema jambo la siasa, mji unasikiliza. Mwaka 2022 alimuunga mkono Alexandra del Moral Mealer wa Republican agombee ujaji wa Kaunti ya Harris, cheo ambacho Texas ni cha kiongozi mkuu wa serikali ya kaunti, si cha hakimu wa kesi. Alitoa fedha nyingi, akatokea kwenye matangazo akizungumzia uhalifu. Lina Hidalgo wa Democratic akashinda kwa tofauti ndogo. Kura yangu ilikuwa ya Hidalgo, na rafiki zangu kadhaa waliapa kutokanyaga dukani kwa Mack tena. Mimi sikuona sababu. Alisema hadharani, kwa jina lake na uso wake, nami nikamjibu kwenye sanduku la kura. Kitanda ni habari nyingine.

Vuli hiyo hiyo, waliokuwa wamenunua magodoro ya dola 3,000 na zaidi kwenye promosheni yake walirudishiwa fedha mara mbili, kwa kuwa Astros, timu ya Houston, walitwaa ubingwa wa besiboli. Mack mwenyewe alikuwa amewawekea dau la milioni 10 na kuvuna kama milioni 75, ndiyo maana aliweza kulipa. Promosheni kama hizo ni nzuri kwa anayehitaji godoro tayari. Usinunue kwa ajili ya mechi: mwaka 2019 na 2021 Astros walifika fainali wakashindwa.

Na kabla hujatoka, uliza habari za WorkTexas, mafunzo ya ufundi yanayotolewa ndani ya duka hili la kaskazini: kuchomelea vyuma, umeme, mabomba, useremala. Mpwa wangu anajifunza kuchomelea pale. Vijana wetu wengi wanapakia mizigo usiku maghalani na hawajui kwamba mlango huu upo, hivyo wapelekeni siku mnapokwenda kuchagua kochi.