Antivirusi ya kulipia na ya bure: uzoefu wangu

Leseni ya antivirusi niliyokuwa nailipia ilipokaribia kuisha, nilitaka kwanza kujua pesa hiyo ilikuwa inaninunulia nini. Nikaiondoa. Microsoft Defender, inayokuja na Windows, ikaamka yenyewe papo hapo. Hukaa pembeni tu inapoona kinga nyingine iko kazini.

Zote mbili nilizijaribu kwa faili la EICAR. Ni faili la majaribio lenye herufi 68, halina madhara yoyote, ila watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kulihesabu kama virusi. Zote zililidaka mara lilipoingia. Lakini jaribio hilo linathibitisha tu kwamba mlinzi hajalala. Kama anaweza kumtambua mwizi mgeni ni habari nyingine. Kwa hilo nasoma vipimo vya maabara kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria. Defender, iliyodharauliwa sana zamani, siku hizi haiachwi mbali na za kulipia. Udhaifu wake ni kutegemea mno intaneti: mtandao ukikatika, uwezo wake wa kutambua virusi hushuka.

Jambo ambalo matangazo hayakwambii ni kwamba kampuni zenye matoleo yote mawili, kama Bitdefender na Avast, hutumia injini ileile ya kutambua virusi kwa anayelipa na asiyelipa. Unacholipia ni vinavyoizunguka: VPN (huduma ya kuficha mawasiliano yako mtandaoni), kitunza nywila, udhibiti wa watoto, kinga ya ziada dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. VPN yangu niliifungua kwa nadra sana. Na hiyo kinga ya mafaili Defender nayo inayo, ila huja ikiwa imezimwa. Lazima uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Jiandae tu, maana huzuia hata programu halali isiyoijua mpaka uiruhusu.

Malwarebytes ni tofauti. Toleo la bure huchunguza pale unapoliamuru tu, la kulipia hukesha muda wote. Hapo kweli malipo yanabadilisha kitu. Mimi natumia la bure kama jicho la pili, na liliwahi kuniokotea takataka za matangazo kwenye kivinjari ambazo kinga yangu ya kulipia ilizipita kimya.

Bure nayo ina bei yake. Acha vidirisha vya "nunua sasa" (vinakera, lakini unavizoea). Mwaka 2024 mamlaka ya Marekani ya kulinda wateja, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliyofungwa 2020. Ndiyo maana kwenye za bure nasoma sera ya faragha kabla ya kitu kingine.

Kwangu nimebaki na Defender na Malwarebytes ya bure. Kompyuta ya mama nimeiachia ya kulipia. Yeye hubofya kila kiungo anachotumiwa, tena kwa Chrome, wakati SmartScreen ya Microsoft hukagua tovuti hasa ndani ya kivinjari chake, Edge. Halafu akikwama, kuna watu wa huduma kwa wateja wa kuwapigia kabla hajanipigia mimi.