Raba ya buti ya kuuzwa kwa mita kwenye Peugeot 504: kwenye kona ndiko utakakotoka jasho

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina salamu ndefu kwa sababu nimeudhika. Sogeza kamera hapa... karibu zaidi... hapo hapo. Mnaiona hii? Hii ni raba ya buti, ule mpira unaozunguka mdomo wa buti ya gari kuzuia maji, ile ya kukatiwa kwa mita: chini kibano chenye chuma ndani, kinachouma ukingo wa bati, na juu yake bomba la mpira linalogusa mfuniko. Nimeichukua kwa ajili ya huyu bibi hapa nyuma yangu, 504 saluni, na muuzaji akaniambia, "Chukua, mzee, hii inaingia gari lolote." Gari lolote! Basi kaeni mwone inavyoingia.

504 yenyewe siielezi, wenyewe mnaijua. Ilitoka 1968, 1975 dereva Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akarudia na ile coupé, ya milango miwili, yenye injini ya V6. Hapa Kenya tuliendelea kuziunganisha wakati Ufaransa walishaziacha zamani, ndiyo maana mpaka leo ukitaka pistoni au gasketi hukosi pa kuuliza. Lakini raba ya buti hakuna anayeikumbuka mpaka siku anafungua buti anakuta zulia limelowa na bati chini limeanza kuota kutu.

Na hayo maji siyo mabaya zaidi. Gari likienda, nyuma yake hewa inavutwa. Raba ikiwa imekufa, kile kinachotoka kwenye ekzosi kinarudi ndani kupitia buti, hasa mkifungua madirisha. Ukiingia njia ya changarawe, vumbi nalo linafuata mlango huohuo. Kwa hiyo wewe unayeniandikia kila wiki kwamba unasikia harufu ya moshi kiti cha nyuma na fundi amekubadilishia sailensa: kabla hujatoa hela nyingine, kaitazame raba yako.

Kuvua ile ya zamani sikuonyeshi, unavuta tu inatoka, tena yangu ilitoka vipande vipande. Kazi iko kwenye huu mdomo wa bati. Piga msasa, penye kutu toa mpaka uone chuma, tia praima, rangi, acha ikauke sawasawa. Ukibana raba mpya juu ya kutu, kutu haikomi, inakula tu chini kwa chini na wewe huioni.

Sasa tunaanza. Anzia nyuma katikati, hapa kwenye loki. Kwa nini hapa? Kwa sababu mwanzo na mwisho vitakutana mahali pamoja, na kiungo hakitakiwi kikae juu kwenye bawaba, ambako maji ya kioo cha nyuma yote yanateremkia. Bonyeza kwa kiganja. Ikigoma, nyundo ya mpira, polepole, si kugonga hilo bomba, gonga kibano. Na usiivute! Naona watu wanaivuta ili ifike. Leo itafika, lakini mpira uliovutwa hurudi, na baada ya muda unakuta mwanya kwenye kiungo unaopitisha kidole.

Pande zilizonyooka, sema kweli, inaingia vizuri sana. Sikiliza... tak, tak, tak. Inashika. Ningekuwa na buti isiyo na kona ningeipa raba hii kumi juu ya kumi.

Lakini njoo huku. Njoo uone kona. Kamera hapa chini. Naikunja... umeona? Chuma cha ndani hakitaki kupinda, kibano kinajifungua, na bomba linabonyea ndani kama shavu la mzee aliyevua meno. Hapo hata ukifunga buti, bomba haligusi mfuniko. Ni tundu, na umelitia wewe mwenyewe kwa pesa yako. Natoa, narudia. Tazama tena. Lilelile.

Basi tunafanya hivi. Kwanza raba ilale juani kabla ya kazi, na jua la Mombasa halidaiwi kodi, liache lifanye kazi yake mpaka mpira ulegee. Pili, geuza upande wa kibano, chukua mkasi wa bati, chanja vijikato vidogo kwenye ukingo wa kibano pale panapopinda. Kibano tu! Ukifika kwenye bomba umeharibu. Sasa kunja tena, pole pole, usiikunje kwa mkupuo, igawe kona mara mbili mara tatu... Haya. Hapo bomba limesimama. Si zuri la kupigia picha, ila limesimama. Kona zote ni hivyohivyo, na kila moja inakula muda kuliko ubavu mzima.

Ukifika mwisho usikate sawasawa. Acha ziada kama sentimita moja, kata kwa wembe mkali, kisha zisukume ncha mbili zikutane kwa nguvu, tone la gundi ya haraka katikati, zishike.

Na sasa ndiyo hasira yangu ya pili. Nafunga buti... haifungi. Nabamiza... inafunga, lakini mmesikia? Bomba hili ni nene mno. Mpira mpya hulala kidogo ukikaa umefungwa siku nzima, kwa hiyo usikimbilie kurudisha dukani. Ila usiwe mtu wa kubamiza kila siku, utapinda mfuniko. Legeza bolti za komeo la loki, lisogeze juu kidogo, kaza, jaribu tena.

Halafu kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakina gharama. Chaki! Paka chaki juu ya bomba, zunguka buti lote. Funga polepole, fungua. Tazama mfuniko kwa ndani: mstari mweupe, mweupe, mweupe... hapa umekatika. Kona ya kulia. Mnaona? Mwanya wa upana wa vidole viwili, na kwa macho nisingeujua. Naingiza kidole chini ya kibano, nainua kidogo, chaki tena, funga, fungua... mstari umeungana. Kuna mwenzetu mmoja kwenye chaneli yake yeye penye mwanya anajaza silikoni. Sawa, haitavuja. Lakini siku ya kuitoa, mwite yeye aje aikwangue.

Bei. Mwezi uliopita mita ilikuwa shilingi 350, juzi nimeambiwa 450, raba ileile, kaunta ileile. Pima kwa kamba kwanza, usinunue kwa kukisia. Ya kuagiza Ufaransa ipo, imetengenezwa kwa 504 hasa, na kona zake hazisumbui, lakini usafiri na ushuru vinazidi bei ya raba yenyewe. Wengine mnavaa ile ya mtumba ya Corolla. Nimewacheka sana humu, na bado nacheka, maana ni pete iliyofungwa na mzingo wake si wa 504, lazima uikate. Ila mpira wake ukiushika, wallahi, ni laini kuliko huu mpya. Ukiipata ndefu ya kutosha, kata, vaa, sitakusema tena.

Na tafadhali, hizi nyingi ni mpira wa kiwandani uitwao EPDM. Jua unalivumilia, maji unayavumilia, mafuta yanayotokana na petroli hauyavumilii. Acheni kupaka grisi, acheni kupaka vaselini, unavimba na kulegea. Poda ya mtoto au silikoni ya kupulizia inatosha.

Mimi ningeinunua tena? Nilipoanza ningesema hapana. Sasa nasema ndiyo, lakini ningetafuta yenye bomba dogo zaidi, na ningemwambia muuzaji aikunje mbele yangu kabla hajakata. Akikataa, hama duka.

Wiki ijayo ni gasketi za taa za nyuma, kwa sababu nusu yenu mtabadilisha raba hii na maji yataendelea kuingia, na yanapitia huko. Maikrofoni mpya imefika, ndiyo maana leo mnanisikia bila upepo, asanteni mliochangia. Kama hujajiunga, bonyeza hapo chini, na wenye 404 niandikieni buti zenu zina mdomo wa aina gani, nina mita moja na nusu imebaki hapa nataka kujua nimpe nani. Kijana, lete mpira wa maji, tuimwagilie sasa.