Darubini ya Kutazama Wanyama Jua Likizama: Anza na Kiduara cha Mwanga

Chui alishuka kwenye mvungunya pale Seronera, Serengeti, jua likiwa limeshazama. Wageni wangu watatu walimwona kwa darubini zao. Mimi mwongozaji wao niliambulia weusi mtupu. Darubini yangu ilikuwa 20x50 (inakuza mara 20, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50) yenye vioo vyekundu, niliyoinunua Arusha baada ya muuzaji kuniapia kwamba wekundu ule unaona gizani. Si kweli. Kioo kinachong'aa wekundu kinarudisha nje sehemu ya mwanga, na huku kwetu, jua likishazama, giza halikawii.

Mambo ya uzito na kuzuia maji mtayasoma kwenye boksi. Mimi nataka mwangalie kiduara cha mwanga kinachotoka upande wa jicho. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 8x42 inakupa kiduara cha milimita 5.25, ile 20x50 yangu ilinipa 2.5. Gizani mboni ya jicho hupanuka, kwa kijana hufika kama milimita 7, na umri ukienda inapungua. Kiduara kikiwa kidogo kuliko mboni, picha inafifia, hata kama darubini "inavuta" mpaka Ngorongoro.

Kukipima ni rahisi. Elekeza darubini kwenye anga jeupe, mbali na jua, uishike mkono ukiwa umenyooka. Kiduara kiwe mviringo kamili. Kikiwa kimekatwa pembeni na vivuli vya kijivu, prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni hafifu. Weka na rula. Nimewahi kupima moja iliyoandikwa 10x50, kiduara kikawa kama milimita 3 badala ya 5: lenzi kubwa mbele, ndani wameibana.

Namba moja kwangu ni Nikon Monarch M5 8x42, na sifichi kwamba naipenda Nikon. Ina gramu 630, haichoshi shingo kutwa nzima, na anayevaa miwani anaona picha yote bila kuivua. Ya pili ni Vortex Diamondback HD 8x42. Ni nzuri, ila dhamana yake ya maisha haikufaidii kama huna pa kuipeleka karibu. Swarovski NL Pure 8x42 inazishinda zote mbili kwa mwanga, lakini bei yake inanunua bodaboda mpya, kwa hiyo naiweka ya tatu. Mfuko ukibana, chukua Nikon Prostaff P3 8x42. Zile 10x25 za mfukoni ni za mchana.

Kinachoniuma ni maduka. Darubini imefungiwa kabatini, ukiomba kutoka nayo mlangoni uitazame angani unaambiwa lipa kwanza. Mwezi uliopita niliulizia bei nikiwa peke yangu, nikarudi kesho yake na mgeni wangu, darubini ileile ikawa imepanda laki mbili. Na bado hawakuniruhusu kutoka nayo nje.