Hesabu za tawi la chama chako kupitia OLMS: huduma ya bure inayohitaji jicho kali

Mwanachama wa tawi la chama cha wafanyakazi Marekani akitaka kujua ada yake inakwenda wapi, aanzie OLMS, ofisi iliyo chini ya Wizara ya Kazi. Ripoti za fedha ambazo vyama huwasilisha huko, za kuanzia mwaka 2000, zinasomwa bure mtandaoni, na hakuna anayekuuliza sababu.

Udhaifu wake ni utafutaji. Ukiandika jina la chama peke yake, yanamiminika matawi chungu nzima. Weka namba ya tawi na jimbo, kisha nakili namba ya faili ya tawi hilo, utafute kwa hiyo siku nyingine. Tawi la watumishi wa jimbo au jiji pekee usilitafute: sheria ya 1959 inayodai ripoti hizi haiwagusi.

Tawi lenye mapato ya dola 250,000 au zaidi kwa mwaka hujaza fomu ya ripoti ya mwaka iitwayo LM-2, na humo ndimo mna nyama. Jedwali la 11 lina mshahara na posho za kila kiongozi. La 12 lina waajiriwa waliolipwa zaidi ya dola 10,000. Malipo makubwa, kuanzia dola 5,000, mengi huandikwa pamoja na jina la aliyelipwa. LM-3, fomu fupi ya matawi madogo, haina mchanganuo huo wa malipo makubwa, na ni pengo linaloumiza.

Kulinganisha miaka ndiko kunakopoteza wengi. Usitegemee jumla ya mapato. Tawi likiuza hisa zake ili lilipe bili, fedha hizo nazo huhesabiwa mapato, na mwaka wa dhiki unaonekana wa neema. Fuata ada zilizokusanywa, idadi ya wanachama, na mali baada ya kutoa madeni. Ada ikipanda huku wanachama wakipungua, angalia kama kiwango cha ada kiliongezwa. Angalia pia fungu linalopelekwa makao makuu, maana fedha hiyo haibaki tawini.

LM-2 ilibadilishwa kwa miaka ya hesabu iliyoanza tarehe 1 Julai 2004 na kuendelea, hivyo mafungu ya matumizi ya kabla na baada yake hayalingani. Ukikuta ripoti mbili za mwaka mmoja, soma iliyorekebishwa.

Ripoti hutakiwa ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Namba zikigongana, sheria hiyo ya 1959 inampa mwanachama mwenye sababu ya msingi haki ya kukagua vitabu. Ombeni kwa maandishi, tena mapema: vocha na risiti hulazimika kutunzwa miaka 5 tu tangu ripoti kuwasilishwa.