Fundi wa Kirumba na diski iliyogoma kufunguka

Nilipeleka kompyuta mpakato yangu kwenye duka dogo la ufundi Kirumba, jijini Mwanza, baada ya kuhamia diski mpya niliyoifunga kwa LUKS, njia ya Linux ya kusimba diski ili ifunguke kwa nenosiri tu. Kila nilipoiwasha, Debian, mfumo endeshi wangu wa Linux, haikuniomba hata nenosiri, bali ilisubiri kwa muda mrefu kisha ikaniacha kwenye skrini nyeusi ya initramfs, mfumo mdogo unaotangulia kuwaka kabla ya mfumo wenyewe. Duka jingine nililoanzia lilinishauri nifute kila kitu.

Fundi huyu aliiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, akaandika amri ya kufungua diski, cryptsetup open, kisha akageuza uso dirishani ili niweke nenosiri mwenyewe, adabu niliyoithamini sana. Diski ilifunguka, kwa hiyo tatizo halikuwa nenosiri. Kwa amri ya blkid alinionyesha kwamba UUID, yaani namba ya utambulisho wa diski, iliyomo kwenye /etc/crypttab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa, ilikuwa ya diski ya zamani. Aliisahihisha, akaingia kwenye mfumo wangu kutoka kwenye flashi kwa amri ya chroot, akaendesha update-initramfs -u ili kuitengeneza upya initramfs, kwani initramfs hubeba taarifa zake za crypttab na kurekebisha faili peke yake kusingetosha.

Kabla sijaondoka alinitengenezea nakala ya kichwa cha LUKS (sehemu ya mwanzo ya diski yenye taarifa za kuifungua), ambacho kikiharibika hata nenosiri sahihi halifungui kitu.

“Kaka, hii usiihifadhi ndani ya diski hii hii,” alisisitiza, akinikabidhi flashi.

Risiti iliandikwa “matengenezo” tu. Kazi makini namna hiyo ilistahili maelezo kamili. Hata hivyo, nitarudi kwake.