Kugeuza SVG Kuwa PNG kwa Inkscape: Uzoefu Wangu Baada ya Fulana 40 Kuharibika

Nachora nembo za shule, makanisa na vikundi vya akiba hapa Arua, Uganda. Kazi kubwa za kuchapa nazipeleka Nasser Road, Kampala, na kwa kuwa basi ni la usiku kucha, mara nyingi faili hutangulia kwa simu. Mchapaji wa fulana haombi SVG, yaani faili ya mchoro ninayochora. Anaomba PNG, yaani faili ya picha ya kawaida, na hapo ndipo nilipoumia.

Mwaka jana shule moja ya msingi ilinipa kazi ya fulana 40. Nembo yao ina korongo-taji, yule ndege wa kwenye bendera yetu, na nilitumia siku mbili nikichora manyoya ya taji lake moja moja, kila unyoya mstari wa milimita 0.2. Mchapaji aliponipigia akidai faili nilikuwa njiani, laptopu imebaki nyumbani. Nikaigeuza kwa simu kwenye tovuti moja ya bure: unapakia SVG, unabonyeza, unapakua PNG. Kwenye kioo cha simu ilipendeza kweli.

Fulana zilipofika, mwalimu mkuu alitandaza moja mezani, akaitazama kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona ndege wetu amevaa kofia?"

Manyoya yote yalikuwa yameungana yakawa donge la manjano. Hata herufi za kaulimbiu ya shule zilikuwa ngeni, kwa sababu tovuti haikuwa na fonti yangu ikaweka yake. Nilimwomba mwalimu mkuu radhi nikagharamia fulana nyingine. Iliniuma sana, maana mchoro wenyewe haukuwa na kasoro hata moja.

Usiku ule nilikaa na kikokotoo. Faili ya vekta, kama SVG, haihifadhi nukta, inahifadhi maelekezo: chora mstari kutoka hapa hadi pale, unene huu, rangi hii. Ndiyo maana unaweza kuikuza uwezavyo isichakae. PNG ni nukta zilizokwisha hesabiwa. Nembo yangu nilikuwa nimeichora kwa upana wa sentimita 10, na tovuti ikaigeuza kwa nukta 96 kwa inchi bila kuniuliza lolote. Hiyo ni pikseli (yaani nukta za picha) 378 tu kwa upana, na mstari wa milimita 0.2 hapo haupati hata pikseli moja kamili. Mchapaji akazivuta pikseli hizo 378 hadi sentimita 25 za kifuani. Zikabaki nukta 38 kwa inchi. Kwa ukubwa ule, kwa nukta 300 kwa inchi, nilihitaji pikseli 2,953.

Tangu siku ile sigeuzi faili ya mteja popote isipokuwa kwenye Inkscape, programu ileile ninayochorea. Ni ya bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na ukishaiweka huhitaji bando wala mtandao. Kwa mtu anayenunua data ya siku moja moja, hilo peke yake ni sababu tosha.

Unabonyeza Shift+Ctrl+E, kidirisha cha kutoa picha kinafunguka. Ninachokipenda hapo ni kwamba upana, urefu na DPI (nukta kwa inchi) vimefungamana: ukibadilisha kimoja, vingine vinajipanga. Kwa hiyo simwulizi tena mchapaji "unataka ubora gani". Namwuliza itachapwa kwa sentimita ngapi, napiga hesabu, naandika pikseli. Ukichagua ndege peke yake na kuweka alama kwenye "Export Selected Only", anatoka ndege peke yake, na nyuma yake hapana kitu, jambo ambalo JPEG, aina nyingine ya picha, haiwezi. Kabla ya yote hayo nageuza maandishi kuwa michoro kwa Shift+Ctrl+C ili fonti isinisaliti tena, lakini kwenye nakala, kamwe si kwenye faili mama. Ukishayageuza huwezi kuyahariri kama maandishi.

Msije mkadhani 300 ni dawa ya kila kitu. Niliwahi kuiandika kwa bango la mita 2 kwa 1, laptopu yangu ya RAM ya GB 4 ikaganda. Nilipopiga hesabu nikaelewa: ni pikseli milioni 279, kila moja baiti 4, yaani zaidi ya GB 1 ya kumbukumbu kwa picha moja. Bango linatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa 100 linatoka na pikseli 7,874 kwa 3,937, na halijanirudishia lawama.

Kwenye rangi kuwa mwangalifu. PNG inabeba rangi za mwanga, nyekundu, kijani na bluu, ilhali mashine inachapa kwa wino. Manjano na nyekundu za bendera huweza kufifia kwenye karatasi, kwa hiyo naomba kipande cha majaribio kwanza. Na mchapaji akikubali PDF, mpe PDF, mistari yako ibaki mistari.

Nikiwa na beji nyingi, kwa mfano za viranja, sifungui moja moja. Nafungua dirisha la amri (terminal), naingia kwenye folda naandika:

inkscape --export-type=png --export-dpi=300 *.svg

Nikirudi na chai nakuta zote zimetoka. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama hati, si kama picha. Ukizituma kama picha zinabanwa upya njiani, na taji la korongo linakuwa kofia tena.