Hita ya dizeli kwenye boti ya tanga: ipi ununue, na uifungeje

Waulize wanaolala botini msimu wa baridi hita gani ni nzuri, na kila mmoja atakutajia aliyonayo yeye. Yapo maswali matatu yenye faida kuliko hilo. Unalala botini mara ngapi? Betri zako zinahimili kiasi gani usiku kucha bila kuchajiwa? Na je, bomba la moshi lina njia ya kupita bila kubanwa wala kugusa kitu? Orodha iliyo hapa chini imepangwa kwa majibu ya maswali hayo. Jina la mtengenezaji linakuja baadaye, kwa sababu hita ya wastani iliyofungwa vizuri inaishinda ya gharama kubwa iliyofungwa ovyo.

Dizeli inapendwa kwa sababu za kawaida tu: boti nyingi tayari zinayo kwenye tangi la injini, na haitoi mvuke wa kulipuka upesi kama petroli. Iko sababu nyingine isiyosemwa sana. Lita moja ya dizeli ikiungua huzaa karibu lita nzima ya maji katika hali ya mvuke. Kifaa kisicho na bomba la moshi huuacha mvuke huo wote kabinini, kuta zinatoka jasho na magodoro yanaota ukungu. Hita ya dizeli yenye bomba huutoa nje, na kabini inabaki na joto kavu.

Ukubwa kwanza

Kwa boti ya hadi mita 9 hivi, kilowati 2 zinatosha. Kati ya mita 10 na 12, tafuta kilowati 4. Boti ya chuma au alumini isiyowekewa sponji ya kuzuia baridi ukutani itadai zaidi kidogo. Hapo ndipo wengi huteleza: wanachukua kubwa kwa kudhani ya ziada haidhuru. Inadhuru. Hita kubwa hupasha kabini upesi, kisha hukaa usiku mzima ikiungua kwa moto mdogo, na moto mdogo ndio mama wa masizi. Ndogo inayofanya kazi kwa nguvu hujisafisha yenyewe. Muuzaji akikuambia "chukua kubwa, hutajuta", jua kwamba si yeye atakayeifungua kuikwangua.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi unaweza kuzipima mwenyewe kwa hesabu ndogo. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10, na hita nzuri huipatia kabini kama asilimia 80 ya hizo. Kwa hiyo hita inayodai kilowati 8 lazima inywe karibu lita moja kwa saa. Ukikuta maelezo yake yanasema nusu lita, basi uko mbele ya hita ya kilowati 4 iliyovaa nguo za kuazima.

1. Hita ya hewa moto, kilowati 2, ya mtengenezaji mwenye vipuri

Hii ndiyo chaguo langu kwa boti nyingi. Webasto Air Top 2000 na Eberspächer Airtronic D2 ndizo zilizozoeleka, na Autoterm (wengi bado wanaiita Planar) iko karibu nazo kwa bei nafuu zaidi. Feni huvuta hewa, huipitisha juu ya chuma kilichopashwa moto na kuisukuma kwenye mipira hadi kabinini. Kwa moto kamili inakunywa kama robo lita kwa saa, na ikishatulia hutumia wati 15 hadi 30 hivi. Kwenye betri ya volti 12, usiku wa saa kumi unakula amp-saa 12 hadi 25. Wakati wa kuwaka, plagi yake ya moto huvuta amp 8 hadi 10 kwa dakika chache, na betri iliyochoka inaumbuka hapo.

Udhaifu wake ni kelele. Pampu ya mafuta hugonga tik, tik, tik, na ukiifunga kwenye ubao mkavu boti nzima inakuwa ngoma. Ifunge kwenye mpira.

2. Jiko la matone, kwa anayeishi botini

Refleks la Denmark na Dickinson Newport la Kanada hufanya kazi kwa namna ya kizamani. Mafuta hushuka kwa uzito wake kupitia vali, yanadondoka kwenye chungu cha chuma na kuungua humo, na bomba lililosimama wima huvuta moshi hadi juu ya sitaha. Toleo la kawaida halihitaji umeme, halina kelele, halina kompyuta ya kuharibika ukiwa mbali na fundi, na unauona moto kwa macho. Kwa mtu aliyetia nanga wiki nzima katika baridi kali, naliweka juu ya hita yoyote ya feni.

Kwa nini basi ni la pili? Linahitaji bomba refu lililonyooka, zaidi ya mita moja, na kabini nyingi za boti ndogo hazina kimo hicho. Ukienda joshi, yaani kuukabili upepo, na boti imelala ubavu, upepo unaoshuka kutoka kwenye tanga kuu unaweza kuurudisha moshi ndani. Tena halitaki haraka: moto ukizimika na mafuta yakaendelea kudondoka, kuliwasha wakati chungu bado ni cha moto ni kualika mlipuko wa mvuke wa mafuta. Funga vali, subiri lipoe, futa mafuta yaliyotuama, ndipo uwashe. Asiye na subira asilinunue.

3. Wallas

Hita za Wallas za Finland zimetengenezwa kwa ajili ya boti, na hilo linajionyesha: zinaungua kwa utulivu na kelele yake ni ndogo. Baadhi ni jiko la kupikia ambalo, ukishusha mfuniko wenye feni, linageuka hita. Kwa boti ndogo yenye nafasi finyu hilo ni jambo la maana sana. Bei ni kubwa, na huwezi kuokoteza vipuri kwa fundi yeyote wa malori.

4. Hita ya maji

Hupasha maji yanayozunguka kwenye redieta, na inaweza kupasha pia tangi la maji ya kuogea na hata injini kabla ya kuiwasha. Ni nzuri kwa boti yenye vyumba vingi, mita 12 kwenda juu. Chini ya hapo unanunua mabomba, pampu na viungio vya kuvuja bila sababu.

5. Kopi za bei rahisi za hita ya hewa moto

Najua zitanunuliwa, kwa hiyo tusizungumze kama hazipo. Nyingine zinafanya kazi miaka. Shida ni kwamba hujui umepata ipi, namba zake mara nyingi zimetiwa chumvi, na vifaa vinavyokuja nazo ni vya gari. Ukiichukua, tupa bomba la moshi, silensa na mpira wa mafuta vilivyomo kwenye boksi, ununue vya boti. Muulize pia mwenye bima yako kabla, si baada.

Kufunga: moshi kabla ya yote

Hita hizi za feni zilibuniwa kwa malori. Chini ya lori, bomba la moshi linaning'inia kwenye hewa wazi, na likivuja kidogo hakuna anayedhurika. Ndiyo maana silensa nyingi za gari zina tundu la kutolea maji na mishono isiyozibwa kabisa. Kwenye boti bomba hilohilo linapita ndani ya kabati, nyuma ya ubao ambao upande wake wa pili mtu amelaza kichwa. Kaboni monoksidi haina harufu. Kwa hiyo nunua silensa ya boti iliyozibwa, bomba la chuma cha pua, na viungio vilivyokazwa kwa klipu imara na kuzibwa kwa gundi ya kustahimili moto. Lifunge bomba lote kwa kitambaa cha kuzuia joto, maana linaweza kufikia nyuzi mia kadhaa, na usiweke karibu nalo kamba, tanga, plastiki wala mpira wa mafuta.

Pa kutokea moshi pawe juu, tezini (nyuma ya boti) au kwenye ubavu, mahali ambapo bahari haifiki hata boti ikilala. Tumia kitokeo chenye kuta mbili ili joto lisiunguze faiba. Kabla ya kutoka, bomba lipande juu na kupinda kama shingo ya bata, ili wimbi likiingia lisitelemke hadi kwenye hita. Pale chini kabisa maji ya mvuke yanapotuama, weka kitoleo kinachofungika. Moshi usitokee chini ya dirisha wala karibu na tundu la hewa, na ukumbuke kwamba boti iliyotia nanga hugeuka na upepo.

Hewa ya kuunguzia ni bora itoke nje au kwenye kabati lenye hewa, lakini kamwe si mahali pa mtungi wa gesi au petroli. Hewa ya kupasha ni ubishi wa kudumu: ukivuta ya kabini unapata joto haraka, ukivuta ya nje kabini inakauka. Mimi napendelea ya nje, maana unyevu unachosha kuliko baridi. Mipira ya kusambaza joto iwe mifupi na ifunikwe inapopita kwenye makabati baridi. Tundu moja la kutolea libaki wazi daima, lisiwe na kifuniko, hita isije ikachemka.

Kwa mafuta, weka bomba lake mwenyewe ndani ya tangi, mdomo ukiwa juu kiasi kutoka chini, usifyonze maji na tope. Hivyo pia hita haiwezi kumaliza mafuta ya injini. Mpira wa mafuta uwe mwembamba, wa milimita 2 kwa ndani, kwa kuwa mpana hukusanya mapovu na moto unayumba. Pampu ikae karibu na tangi, upande wa kutolea ukiwa umeinuka.

Umeme utoke betrini moja kwa moja kupitia fyuzi, kwa waya wa milimita mraba 4 hadi 6 ikiwa umbali ni mita chache. Usiupitishe kwenye swichi kuu ambayo mtu ataizima akiondoka. Hita ikizimwa, feni huendelea dakika mbili tatu kuipoza. Kukata umeme katikati ya hapo ni kuipika hita yenyewe.

Siku ya kwanza iwashe kwa moto kamili, saa nzima, madirisha wazi, kwani gundi na rangi mpya zitanuka. Pima volti kwenye hita yenyewe wakati plagi inawaka. Zikikaribia 10.5, hita nyingi hujizima, na tiba ni waya mnene zaidi au betri mpya, si hita nyingine. Pitisha mkono, kwa mbali, kando ya kila kiungio cha bomba kusikia kama hewa moto inatoka. Kengele ya kaboni monoksidi yenye alama EN 50291-2, iliyopimwa kwa mitikisiko ya boti na magari, iwe tayari imefungwa karibu na kitanda kabla ya usiku wa kwanza. Baada ya hapo, ipe hita moto kamili kama nusu saa kila wiki unapoitumia, na weka botini plagi ya akiba, wavu wake na gasketi.